Kalamu ya bei kubwa na kalamu ya bei ndogo: ncha ni ile ile



Mara hii tunaandika juu ya kalamu. Tunajua wengine watacheka na kusema makapita wamekosa neno la kuandika. Lakini muhula huu kalamu imeleta maneno mengi katika shule yetu kuliko hata maharage ya jikoni, na munajua maneno ya maharage yalivyo mengi. Wanafunzi wamenuniana juu ya kalamu. Mumoja ameitwa mwizi juu ya kalamu. Mwingine alirudishwa nyumbani kwa kukosa minervali, na huku mfukoni mwa shati lake kulikuwa na stilo inayong'aa ambayo mama yake aliilipa kwa ndagala alizoanika majuma mengi. Sisi makapita wa darasa la mwisho tumekaa, tumezungumza, tumeona afadhali tuseme wazi.

Neno letu ni hili: mtu akinunua stilo ya bei kubwa, mara nyingi hanunui maandishi mazuri zaidi. Ananunua mwili wa kalamu, kifuniko, rangi na jina. Ile sehemu inayoandika, yaani ncha, mara nyingi ni ile ile iliyomo katika kalamu ya bei ndogo ya kiwanda kile kile. Hatusemi siku zote. Tunasema mara nyingi, na tutaonyesha.

Tupatane kwanza juu ya majina. Tukisema stilo, tunataka kusema ile kalamu inayobeba wino wa maji ndani yake, haiko biki. Stilo iko na mwili unaoshikwa na vidole, kifuniko, na kitu cha kuweka wino, ni katushi au pompu ndogo ya kunyonya. Mbele kabisa kuna ncha ya chuma iliyopasuliwa katikati, na chini yake kile kipande cheusi ambacho hapa shuleni tunakiita ulimi. Ulimi uko na vijia vyembamba, wino unapita humo wenyewe, sawa vile mafuta yanavyopanda katika utambi wa taa. Mmarekani Lewis Waterman alipewa hati ya ulimi wa namna hiyo mwaka 1884, na mpaka leo kazi yake haijabadilika. Tena, kwenye mwisho wa ncha kuna kidonge kidogo sana cha madini magumu. Hicho njo kinagusa karatasi. Mwili wa kalamu, hata ungekuwa wa fedha tupu, haugusi karatasi hata kidogo.

Sasa tuje kwenye maneno yaliyotokea internati, kwa sababu kila mtu anayasimulia kwa namna yake na kuongeza chumvi. Majina hatutaji, wenyewe tunaishi nao.

Mwenzetu mumoja alitumiwa na mjomba wake anayeishi Ulaya stilo ya chuma, Lamy Studio, nzito, nzuri kuitazama. Mwenzetu wa pili, mtoto wa mvuvi wa upande wa Ubwari, alikuwa na Lamy Safari ya plastiki iliyomfikia katika kifurushi cha zawadi. Zote mbili zinatoka kiwanda kimoja, kule Heidelberg, Ujerumani. Safari ilianza kuuzishwa mwaka 1980, na iliwekwa kwa ajili ya wanafunzi. Ndiyo sababu pale pa kushikia pana pande bapa, kusudi vidole vya mtoto vikae sawasawa. Studio ilikuja nyuma sana, mwaka 2005, na bei yake ni kama mara tatu ya ile ya Safari.

Usiku mumoja kabla ya mtihani wa Kifaransa, ile Studio ikaacha kuandika. Ncha imepinda. Mwenyewe akapiga kelele mpaka chumba cha mwisho:

"Hii haiko ncha yangu! Ya kwangu ni ya bei, haiwezi kupinda. Umeitoa, umeniwekea ile yako ya plastiki!"

Na kweli ncha za Lamy zinatoka kwa kuvutwa mbele tu, hata mtoto wa shule ya msingi anaweza. Watu wakaangalia. Kalamu ya mtoto wa Ubwari inaandika. Kalamu ya mtoto wa mjomba imepinda. Basi internati nzima ikakata neno kabla ya taa kuzimwa: masikini ameiba.

Tuangalie vizuri hukumu hiyo ilivyosimama. Hakuna mtu aliyemwona akifanya kitu. Ushahidi wote ulikuwa mawazo tu: kalamu ya bei iko na ncha ya bei, ncha ya bei haipindi, kwa hiyo ile iliyopinda ni ya kalamu rahisi. Ukiondoa neno la kwanza, mengine yanaanguka. Na neno la kwanza si kweli.

Asubuhi tuliomba stilo zote mbili. Tulikaa mezani na mwalimu mumoja, wenyewe wakiwa mbele yetu. Tukavuta ncha zote mbili, tukaziweka juu ya karatasi nyeupe. Ndugu, zile ncha ni mapacha. Jina ni moja, herufi M ya upana ni moja, umbo ni moja. Isipokuwa kupinda kwake, mwalimu mwenyewe hakuweza kusema ipi imetoka wapi. Ndivyo kiwanda kinavyofanya: ncha ya chuma ya Safari ndiyo wanayoiweka katika Studio, na katika kalamu zao nyingine kadhaa. Hata ile ya dhahabu wanayoiuzisha peke yake kwa bei ya kutisha, inaingia juu ya ulimi ule ule wa Safari ya plastiki.

Kisha tukaangalia wino. Mwenye Safari anatumia wino mweusi tangu mwanzo, kwa sababu ndio aliopata. Mwenye Studio anatumia wa buluu. Tuliweka kila ncha katika kikombe chake cha maji. Ile iliyopinda ilitoa buluu, na buluu, na buluu tena, hakuna hata alama ya weusi katika mpasuko wake. Ile nzima ilitoa mweusi. Kama zingebadilishwa usiku ule, kila moja ingekuja na wino wa nyumba yake ya zamani. Mwenye Studio alinyamaza. Baadaye akasema labda ni ile siku ya Jumapili, kalamu ilipoanguka juu ya simenti.

Tulifanya na jambo moja zaidi, na hili tunapenda kila darasa lijue. Tuliomba ruhusa kwa mtoto wa Ubwari, tukaosha ncha yake, tukaandika mstari mumoja kwa Safari yake. Halafu tukaitoa ncha hiyo, tukaivalisha Studio, tukaweka wino ule ule, tukaandika mstari wa pili, maneno yale yale, mkono ule ule. Karatasi ikapita darasani. Swali lilikuwa moja: mstari gani umeandikwa na kalamu ya bei? Majibu yalitawanyika ovyo. Wako walioapa kwamba mstari wa juu "unaonekana wa Ulaya zaidi". Mwenye Studio mwenyewe alionyesha mstari wa Safari. Ncha tukairudisha kwa mwenyewe saa ile ile.

Lakini neno "mwizi" halifutiki upesi sawa vile linavyotamkwa. Mpaka juma hili tunaona wanaofunika kalamu zao kwa mkono mtoto yule akipita kati ya meza. Hawamchukii, wanasema "ni kuangalia tu". Ndiyo sababu tumeona hili si neno la makapita peke yao. Tulimhukumu mtu kwa bei ya kalamu yake, na hata hesabu ya bei yenyewe ilikuwa mbaya.

Musifikiri ni Lamy peke yao wanaofanya hivi. Wajapani ni vilevile. Kiwanda cha Pilot kinatengeneza tangu mwaka 2013 kalamu ya watoto, Kakuno, na juu ya ncha wamechora uso mdogo unaocheka. Pilot hao hao wako na Metropolitan, ya chuma, ya kuvaa na koti. Toa ncha ya Kakuno, weka katika Metropolitan: inaingia, inaandika, na mkubwa wa ofisi anasaini barua kwa uso unaocheka. Platinum, Wajapani wengine, walitoa Preppy ya plastiki mwaka 2007, moja ya stilo za bei ndogo kabisa duniani. Wako pia na Plaisir, ya aluminyumu, ya bei kubwa zaidi. Ncha ya Preppy, pamoja na ulimi wake, inahamia katika Plaisir bila shida yoyote.

Tena kuna viwanda ambavyo kazi yao kubwa ni ncha. Ujerumani kuna viwili vinavyojulikana sana, Bock wa Heidelberg na JoWo wa Berlin. Wenye majina ya kalamu wanaagiza ncha kwao, wanaandikisha jina lao juu yake, halafu wanaichomeka katika mwili wa mti, wa chuma au wa plastiki. Kwa hiyo unaweza kukuta kalamu mbili za majina mawili, za bei mbalimbali, za nchi mbalimbali, na ncha zao zimezaliwa chumba kimoja. Ila hapa mutumie akili: si kila ncha inaingia kila pahali. Ncha wanazoziita namba 5 na namba 6 zinafanana kwa macho, lakini mkono wa kuzishika wa Bock na ule wa JoWo haufungwi sawasawa. Usilazimishe kitu kinachokataa.

Juu ya nini wanafanya hivi? Si wizi. Ncha ni kazi ngumu kuliko mwili wa kalamu. Lazima wakate bati la chuma, walipige lipate umbo, waunganishe kile kidonge kwa moto, wapasue mpasuko mwembamba sawa na unywele, kisha wasugue mpaka usikwaruze tena. Mashini za kazi hiyo zinakula pesa nyingi. Mtu akisha kuwa na mashini inayotoa ncha nzuri, hana sababu ya kununua nyingine, eti kusudi kalamu ya tajiri ipate ya kwake. Makanika wa moto pale sokoni Baraka wanaelewa jambo hili kuliko sisi tunaojiita wasomi. Buji moja inaingia katika moto za majina mengi, na hakuna makanika anayemwambia mwenye moto mpya kama buji yake iko na heshima zaidi.

Wazee wetu waliosoma wakati wa Wabelgiji nao walilijua hilo bila kufundishwa. Waliandika kwa kijiti chenye ncha ya kuchovya, wino ukiwa katika kikopo mezani. Ncha zilikuja za chuma, ndani ya sanduku dogo. Ikichakaa moja, unachomoa, unachomeka nyingine. Hata huko Uingereza, mji wa Birmingham ulijulikana duniani katika karne ya 19 kwa ncha hizo tu. Kijiti cha mwalimu kilikuwa kizuri, kimechongwa, cha mtoto kilikuwa cha mti tu. Lakini ncha moja iliweza kuingia katika vyote viwili. Hakuna mzee aliyetusimulia kwamba walipigana juu ya vijiti.

Kuna na kinyume chake, na hapo wengi wanadanganyika. Munaijua au mumesikia habari za Hero, stilo ya Kichina. Kiwanda chake kilianza Shanghai mwaka 1931 kwa jina lingine, jina la Hero lilikuja mwaka 1966. Chukua Hero 616, uiweke karibu na Parker 51, ile ya Marekani iliyoanza kuuzishwa mwaka 1941. Utasema ni ndugu wa tumbo moja: mwili mviringo, kifuniko cha chuma, ncha imefichwa karibu yote, inachungulia kidogo tu kama kichwa cha kobe. Sasa fungua. Parker 51 ya kawaida ilikuwa na ncha ya dhahabu, Hero iko na ya chuma, na vipande vya moja si vya nyingine. Hapo nje zinafanana, ndani hazifanani. Safari na Studio nje hazifanani, ndani ni kitu kimoja. Sisi wanafunzi tunaangalia nje mara zote mbili, na mara zote mbili tunakosa. Hatusemi Hero ni mbaya, ni kalamu ya kazi. Tunasema tu fungua kabla ya kusema.

Neno la dhahabu sasa, kwa sababu ndilo linalotoa watu akili. Kama juu ya ncha pameandikwa 585, maana yake katika sehemu 1000 za madini yake, 585 ni dhahabu. Hiyo ndiyo karati 14. Kama ni 750, ni karati 18. Kama hakuna namba, inang'aa tu, basi mara nyingi ni chuma kilichopakwa dhahabu kidogo sana, ya kufutika. Zamani dhahabu ilikuwa na sababu yake katika kalamu: wino wa zamani ulikuwa na asidi, ulikula chuma. Leo ncha ni za chuma kisichoshika kutu upesi, na wino wa kawaida wa dukani hauzili. Ncha ya dhahabu inalegea kidogo mkononi, wengine wanaipenda kwa hilo, hatukatai. Lakini hata kwenye dhahabu, mwisho wake kuna kile kidonge kigumu, kwa sababu dhahabu yenyewe ingekwisha juu ya karatasi upesi. Na sisi watu wa Fizi, kweli, tutishwe na dhahabu ndogo ya juu ya kalamu? Misisi iko katika teritware yetu. Kila mwaka kuna wenzetu wanaoacha viti vyao hapa kwenda kuchimba dhahabu kule, na viti hivyo mpaka leo viko vitupu. Mumoja wao aliwahi kutuambia anakwenda kutafuta pesa za kununua vifaa vizuri vya shule. Tunamngojea.

Wenye stilo za bei watasema tunawaonea wivu. Labda kidogo. Studio ni nzuri mkononi, na kifuniko chake kinapofungwa kinatoa sauti ya kupendeza, hilo kila mtu amelisikia kwa sababu mwenyewe anaifunga na kuifungua darasani mchana kutwa. Kuna vitu ambavyo pesa inanunua kweli. Mwili wa chuma hauvunjiki ukikaliwa. Kalamu nyingine za bei ziko na pompu iliyojengwa ndani, zinabeba wino mwingi kuliko katushi. Na kuna viwanda vinavyotengeneza ncha za namna nyingine kabisa kwa ajili ya kalamu zao za juu, zisizoingia katika ile ya bei ndogo. Mwenye mjomba wa kumpa hayo, apokee kwa furaha na aseme asante.

Neno letu ni kwa yule ambaye stilo yake inatoka katika chungu cha nyumbani. Mama anayeanika ndagala kwenye mchanga wa ziwa hajui tofauti ya Safari na Studio, wala hana sababu ya kuijua. Anajua kile mtoto wake amemwambia. Mtoto akimwambia, "Mama, bila kalamu hii ya chuma sitapita mtihani wa Serikali," mama atauzisha hata kitenge. Na mtoto amemdanganya, hata kama hakukusudia. Mtihani wa Serikali unafanywa katika nchi yetu tangu mwaka 1967, na wengi waliopita waliupita kwa biki. Minervali ikikosekana, hakuna stilo itakayokuingiza darasani.

Na hata yule wa mjomba, kuna swali la kuuliza kabla ya kuandika barua Ulaya, na si jina la kalamu. Ni katushi. Kuna katushi fupi za namna ambayo viwanda vingi vinaikubali, Pelikan na Waterman kati yao. Lakini Lamy, Parker, Pilot na Platinum kila mumoja yuko na ya kwake, haiingii kwa jirani. Mwenye Studio alipomaliza katushi zake alitafuta sokoni Baraka, akatuma watu Uvira, hakuna kitu. Kwa majuma mawili kalamu ya bei ilikuwa pambo la mfukoni. Aliyemwokoa ni mtoto wa Ubwari, tena kabla ya maneno ya ncha kutokea. Alimwonyesha namna ya kujaza katushi ya zamani kwa serenge mpya ya farmasi na wino wa chupa. Unavuta wino polepole, unaingiza polepole, usijaze mpaka juu kabisa, unapangusa, unarudisha. Katushi moja inaweza kutumika hivyo mara nyingi, mpaka mdomo wake ulegee. Jambo hilo internati nzima iliona, na bado walipotafuta mwizi wakamtafuta yeye.

Ninyi wa biki, ambao ndio wengi, musifikiri haya hayawahusu. Biki ya Marcel Bich ilianza kuuzishwa Ufaransa mwaka 1950, na kinachoandika ni kitufe kidogo mbele, si plastiki unayoiona. Kuna zile biki za chuma zinazouzishwa ndani ya kisanduku chenye kitambaa, eti za zawadi. Fungua uone mrija wake. Mara nyingi ni wa umbo lile la Parker, lililoanza na Jotter mwaka 1954, ambalo leo linaingia katika biki za majina mengi. Mrija wa kununua kwa pesa kidogo unaweza kukaa katika mwili wa bei kubwa, na hakuna atakayejua. Kwa hiyo biki ya zawadi ikikauka usiitupe, na usimwombe baba nyingine. Tafuta mrija.

Tumalizie na mambo ya kazi. Anayetaka kutoa ncha ya Lamy asitumie koleo wala meno. Tumeona alama za meno. Bandika kipande cha skochi juu ya ncha, vuta mbele moja kwa moja, usizungushe. Kurudisha, sukuma polepole mpaka ikae, bila kubonyeza mwisho wake. Ncha ya Preppy inavutwa pamoja na ulimi wake, kwa vidole tu na kitambaa, maana mikono itachafuka.

Tuliomba kwa Prefe ruhusa ya kuweka sanduku la vipande, naye amekubali. Kalamu iliyovunjika mwili, lete ncha yake. Iliyopinda ncha, lete mwili. Mirija, vifuniko, spiringi, pompu, hata ulimi uliokauka, vyote tunapokea. Anayechukua kipande ataandika jina lake na siku katika kaye ya sanduku, kusudi tujue kila ncha imetoka kwa nani na imekwenda wapi. Tena tumepatana na kapita wa internati neno moja: kuanzia sasa mtu akisema kipande cha kalamu yake kimebadilishwa, hatamki jina la mtu usiku mbele ya watu. Analeta kalamu kwetu asubuhi, tunaifungua mbele ya wote wawili, na vikombe vya maji viko tayari.

Sanduku liko katika ofisi ya sekretere, chini ya meza ya mashini ya stensili. Linafunguliwa Jumatano, saa ya mapumziko. Mpaka leo lina ncha mbili zilizopinda, ulimi mumoja, mirija minne ya biki na vifuniko saba ambavyo havina kalamu. Tunatafuta mtu mwenye mkono mwepesi wa kunyoosha ncha. Tumesikia katika darasa la pili yuko mumoja anayenyoosha sindano za mashini ya baba yake fundi wa nguo. Ajitokeze.

Kapita mkubwa wa wanafunzi, kwa jina la makapita wenzake wa darasa la mwisho, Baraka.